Mdharau Mwiba Mguu Huota Tende

Barazani hatuishi kusikia kwamba Wajerumani walishindwa Urusi kwa ajili ya baridi. Neno hilo lina chembe ya kweli, lakini halitoshi. Baridi haikumchagua Mjerumani; Mrusi naye ilimpiga vile vile.

Tuyatazame yaliyopita. Tarehe 22 Juni, 1941, Hitler alivuka mpaka na askari wapatao milioni tatu, akitaraji kumaliza kazi kabla ya theluji kuanguka. Hata nguo nzito hawakuandaliwa za kutosha. Kumbe nchi ile haina mwisho. Reli zake ni pana kuliko za Ujerumani, ikabidi kwanza zibadilishwe ndipo garimoshi zao zipite. Mvua za Oktoba zikageuza njia kuwa matope; magari yakakwama, mizinga ikabaki nyuma, farasi wakafa. Wakati huo huo Wasovieti walikuwa wakiving'oa viwanda zaidi ya 1,500 na kuvihamishia mashariki. Mwanzoni mwa Desemba wakageuka, wakamsukuma adui kutoka malangoni mwa Moscow.

Nayaandika haya nikiwa Nuu, katika nchi ya Kitui, ambako watu hawahitaji kufunzwa uzito wa njia. Anayefuata maji mbali wakati wa kiangazi ajua kuwa kila hatua ya kwenda ina deni la kurudi.

Ukambani pia wayajua mambo haya kwa msiba. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza walimwandama von Lettow-Vorbeck katika koloni la Wajerumani, ambalo baadaye liliitwa Tanganyika. Kadiri walivyoiacha reli nyuma, ndivyo nguvu zao zilivyopungua. Wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, mzigo ukahamia vichwani mwa watu, Wakamba wakiwamo. Wapagazi zaidi ya 40,000 walifariki, wengi kwa maradhi. Jina la Kariakoo, Nairobi na Dar es Salaam, ndilo lililobaki. Na von Lettow hawakumkamata. Alisalimu amri Novemba 1918, vita vilipokwisha Ulaya.

Waama, mshambulizi huhesabu bunduki, akasahau mabega. Hitler aliwaona watu wa nchi ile kuwa duni, wasioweza kustahimili. Tukisema ni baridi tu iliyomshinda, tunawapokonya haki yao waliostahimili. Na sisi, nyumba iliyotoa mpagazi isiliache jina lake lipotee.