Wazazi Wameshabeba Tofali, Sasa Waulize Bajeti

Kuanzia Kishapu mpaka Msalala, Kahama mpaka Geita, Nyang'hwale mpaka Bukombe, Januari ikifika hadithi ni ileile. Watoto wa darasa la kwanza wameandikishwa wengi kuliko vyumba vilivyopo. Mkutano wa wazazi unaitishwa, na kabla mwenyekiti hajafungua kikao kila mtu anajua ajenda: michango.

Na wazazi wanakubali. Akina mama wanabeba maji na mchanga, akina baba wanafyatua tofali na kusomba mawe, vijana wanachimba msingi. Asiye na nguvu anatoa pesa, asiye na pesa anatoa debe la mahindi. Boma linapanda mpaka kwenye lenta. Halafu linasimama hapohapo, likisubiri bati na saruji "kutoka juu". Mvua zinalipiga, majani yanaota ndani. Januari inayofuata, mkutano mwingine.

Makamanda, kuna watu wanataka tuwalaumu wazazi kwamba wanaendekeza. Hapana. Mzazi wa Usukuma anayeacha shamba msimu wa mvua akajenge darasa la watoto wa kijiji kizima anastahili heshima, hastahili kejeli. Ila heshima hiyo isigeuzwe kamba ya kumfungia. Mzazi huyu ameshafanya sehemu yake na amepitiliza. Swali ni moja tu: mwenye sehemu iliyobaki yuko wapi?

Bure iliyotangazwa mara tatu

Nchi hii haijaanza jana kusema elimu ya msingi ni bure. Azimio la Musoma la 1974 lililenga kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Miaka ya 1980 uchumi ukayumba, malipo yakarudi. Mwaka 2001 serikali ya Mkapa ikafuta ada kupitia MMEM, watoto wakafurika madarasani, halafu taratibu michango ikarudi kwa majina mapya: ya mlinzi, ya mitihani, ya madawati. Mwishoni mwa 2015 ukatoka Waraka wa Elimu Namba 5, na Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza upya. Miaka miwili tu baadaye, Januari 2018, Rais Magufuli alilazimika kupiga marufuku michango shuleni. Kama michango ingekuwa imekwisha kweli, ile marufuku ilikuwa ya nini?

Ukitazama vizuri unaona mchezo mmoja unaojirudia. Serikali inatangaza bure, watoto wanaongezeka, fedha haziongezeki kwa kasi ya watoto, na pengo linazibwa na mzazi. Sifa zinabaki Dodoma, tofali linabaki kichwani kwa mama wa Nyang'hwale.

Tufanye hesabu ndogo. Ruzuku iliyowekwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu na Sh6,000 ndizo hutumwa shuleni. Gawa kwa miezi 12: Sh500 kwa mtoto kwa mwezi. Hiyo ni bei ya chapati moja au mbili pale stendi. Chukua shule yenye watoto 1,200, na shule za hivyo kwenye miji yetu ya dhahabu si ajabu: inapata Sh600,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, mipira ya michezo na nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Sasa huyo mwalimu mkuu atatoa wapi bati?

Na kiwango hicho si cha jana. Kimetoka enzi za MMEM, wakati dola moja ya Marekani ilikuwa karibu shilingi elfu moja. Leo mfuko wa saruji, rimu ya karatasi na nauli vyote vimepanda. Mtu anaweza kukata bajeti ya shule bila kutangaza kwamba amekata. Anaiacha namba palepale kwa miaka ishirini, bei za sokoni zinamalizia kazi.

Hatusemi serikali haijajenga kitu. Mwaka 2021 mkopo wa IMF wa fedha za UVIKO ulijenga madarasa 15,000, yakiwemo 3,000 ya shule shikizi. Mradi wa BOOST, wa zaidi ya Sh1.1 trilioni, umeweka majengo mapya kwenye shule za msingi, nasi tumeyaona. Lakini angalia chanzo: mkopo, halafu mkopo. Yaani mtoto anayesoma hatua chache kutoka kwenye mgodi wa dhahabu anajengewa darasa kwa deni ambalo atakuja kulilipa mwenyewe akiwa mtu mzima. Hapo ndo tunapouliza: dhahabu yenyewe iko wapi kwenye hesabu hii?

Hesabu ya dhahabu

Mgodi wa GGML pale Geita huzalisha takribani wakia nusu milioni za dhahabu kwa mwaka. Bulyanhulu iko Msalala. Almasi ya Mwadui inachimbwa Kishapu tangu 1940. Hili ni eneo ambalo ardhi yake imelisha hazina ya taifa kwa vizazi.

Kwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, halmashauri inadai ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa lugha ya sokoni: dhahabu ya shilingi bilioni moja ikiuzwa, halmashauri inaweza kupata mpaka milioni 3. Zile fedha za UVIKO zilipiga hesabu ya Sh20 milioni kwa chumba kimoja cha darasa. Kwa hiyo kila mauzo ya bilioni 7 yangeweza kusimamisha chumba kimoja na chenji ikabaki.

Lakini hata hiyo asilimia 0.3 hatukuipata siku zote. Kwa miaka mingi, mikataba iliyosainiwa mbali na Geita na Kahama iliruhusu migodi mikubwa kulipa dola 200,000 tu kwa mwaka, bei ya dhahabu ipande isipande. Septemba 2017 madiwani wa Geita walifika mahali pa kufunga barabara za kuingia GGM wakidai zaidi ya dola milioni 12 za ushuru wa miaka ya nyuma. Walijibiwa kwa polisi. Msomaji mwenye mtoto aliyekaa sakafuni miaka ile ajue kwamba kulikuwa na dai mezani.

Halafu likaja badiliko la 2017. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini sasa kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, akubaliane na halmashauri ya eneo lake, na mpango uzingatie vipaumbele vya jamii inayouzunguka mgodi. Kifungu hichohicho kinaipa halmashauri kazi ya kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Elewa vizuri hapo: si hisani ya mgodi, wala si zawadi ya mkuu wa wilaya kukata utepe. Ni sheria.

Sasa jiulize, ni mkutano gani wa kijiji chako uliowahi kusomewa mpango huo? Mzazi anasomewa orodha ya wasiochangia, jina kwa jina, mbele ya watu. Orodha ya fedha za mgodi haisomwi. Aibu imewekwa upande usiostahili.

Na tusijidanganye kwamba muda upo. Buzwagi, pale Kahama, ulifungwa 2021. Dhahabu si mahindi, ukivuna haioti tena. Darasa ambalo halikujengwa mgodi ukiwa hai litajengwa na nani mgodi ukishakufa?

Hiari ya lazima

Tunaosoma sheria tunajua hiari ina maana moja tu. Mchango wa hiari ni ule ambao ukisema "sina", unalala nyumbani kwako kwa amani. Ukija mgambo kuchukua kuku, mbuzi au baiskeli, huo si mchango. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Kijiji kinaweza kuwa na sheria ndogo, ndiyo, lakini lazima ipite kwenye mkutano wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri. Agizo la mdomo la mtendaji, hata akilitoa kwa ukali wa namna gani, si sheria ndogo. Sungusungu ilizaliwa huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Haikuzaliwa kumkimbiza bibi mjane anayelea wajukuu watano.

Na anayeumia zaidi si mzazi. Ni mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya Sh2,000. Kwenye mikoa mingine mtoto akirudishwa anakwenda kucheza. Huku kwetu kuna karasha, kuna maduara, kuna mialo ya kuchenjulia dhahabu, na kuna zebaki. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya Geita, Kahama na Chunya: wanashuka mashimoni, wanaponda mawe, wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Mtoto akionja hela ya mwalo, kumrudisha darasani ni kazi. Na darasa lenyewe likiwa na watoto zaidi ya mia, wakati kanuni inataka 45, utamshawishi kwa lipi?

Kuna jambo wengi hawalijui. Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya kujielimisha na inaitaka serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa. Lakini iko kwenye sehemu ambayo Ibara ya 7(2) inasema haitekelezwi na mahakama yoyote. Yaani mzazi wa Msalala hawezi kwenda mahakamani akasema, "Kwa ibara hii, mtoto wangu hana darasa." Tunapodai Katiba mpya watu hutuuliza katiba inaliwa? Jibu letu ni hili: katiba ndiyo ingemfanya mtoto huyu awe mdai badala ya kuwa mwombaji.

Kazi ya kufanya kabla ya Katiba mpya

Hatuwezi kukaa tukiisubiri. Yapo mambo matatu ambayo mzazi yeyote anaweza kuyafanya kwa sheria zilizopo.

Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji. Uchaguzi wa Novemba 27, 2024 tunaujua ulivyokwenda. CCM ilitangazwa kuchukua zaidi ya asilimia 98 ya vijiji na mitaa, na wagombea wetu wengi walienguliwa kabla ya kura. Lakini mkutano wa kijiji si mali ya mwenyekiti. Ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Nenda, nyoosha mkono, omba usomwe mchanganuo wa mapato na matumizi: kiasi kilichochangwa, tofali zilizonunuliwa, kiasi kilichobaki. Ukijibiwa vibaya, omba swali lako liandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari ni ushahidi.

Pili, barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Wazazi kumi waandike kwa mkurugenzi wa halmashauri: tunaomba mpango wa mwaka huu chini ya Kifungu cha 105, na kiasi cha ushuru wa huduma kilichoingia. Mwalimu mkuu msimwingize, ana bosi wake na ana familia. Andikeni nyinyi, na kijana wetu wa kata awasaidie kuandika.

Tatu, wakati. Bajeti ya halmashauri hupikwa miezi kadhaa kabla ya Bunge la Aprili mpaka Juni. Anayepiga kelele Juni amekuta chakula kimeshapakuliwa. Boma la shule yako liingie kwenye vipaumbele vya kijiji mapema, lipelekwe kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na diwani aulizwe kwa jina alisema nini kwenye baraza.

Kuna watakaosema tunaingiza siasa kwenye shule. Shule tayari ina siasa. Aliyeamua mtoto apate Sh500 kwa mwezi alifanya siasa, na aliyesaini dola 200,000 kwa mlima wa dhahabu alifanya siasa. Mzazi pekee ndiye anaambiwa akae kimya abebe mchanga.

Wazazi wa Shinyanga na Geita wameonyesha kwamba wakiitwa wanakuja, na wakija kazi inafanyika. Nguvu ileile iliyopandisha maboma mpaka kwenye lenta inatosha kabisa kujaza ukumbi wa baraza la madiwani siku ya bajeti. Kikao ni cha wazi. Twende.