Rula ya shule na mnyororo wa baisikeli



Alfajiri za kiangazi, katika njia za vumbi ziingiazo Lubumbashi, huonekana wachukuzi wa makala wakisukuma baisikeli zao, au kinga kama tusemavyo huku Katanga, magunia yamepanda kupita vichwa vyao. Hao hukagua matairi kila siku. Mnyororo hawautazami mpaka uanze kuruka.

Nami nilikuwa vivyo hivyo. Fundi mmoja aliniambia niubadili mnyororo wangu. Nikamjibu kwa kiburi cha mwalimu kwamba mnyororo usiokatika haujafa. Miezi ikapita. Siku moja nikipanda kilima, mnyororo uliruka juu ya meno, goti langu likagonga usukani. Nikanunua mpya. Lo! ule mpya ukaruka kuliko wa kwanza, maana meno ya pinyo, lile gurudumu dogo la nyuma, yalikuwa yamekwisha kulika na kupinda kama makucha. Ikanibidi kununua pinyo, kisha na gurudumu la meno la mbele. Nilistahili.

Watu husema mnyororo umevutika. Sivyo, chuma chake hakivutiki kama mpira. Kila kiungo huzunguka juu ya pini, na vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama msasa, likaisaga pini pamoja na tundu lake. Kila pini hulegea kidogo mno, lakini ulegevu wa pini nyingi ukijumlishwa, mnyororo wote hurefuka. Hapo haulali tena vema kati ya meno, bali hupanda kuelekea ncha zake na kuyala.

Basi, wanafunzi, leteni rula. Kutoka pini hata pini ni milimita 12,7, yaani nusu inchi. Kwa hiyo nafasi 20 hufanya milimita 254, na rula yenu ya sentimita 30 yatosha. Futeni mnyororo kwanza. Mmoja aishike gurudumu la nyuma lisizunguke, mwingine akandamize pedali ya mbele, ili upande wa juu ukazike. Wekeni sifuri kwenye ukingo wa kushoto wa pini moja, mhesabu 20, msome kwenye ukingo wa kushoto wa pini ya mwisho. Ile ya kwanza haihesabiwi! Darasani kwangu nusu ya watoto hukosea hapo. Kisha rudieni mahali pengine, kwa kuwa mnyororo haulingani kote. Utepe wa kitambaa wa mshonaji msiutumie, huo ndio uvutikao.

Mkisoma 254, mnyororo ni mzima. Baisikeli yenye gia nyingi yapasa ibadilishwe mnyororo ukizidi 255 kidogo, maana meno yake ni membamba. Baisikeli ya mzigo isiyo na gia huvumilia zaidi, lakini isipite 256,5. Milimita mbili na nusu tu, nazo ndizo zitenganishazo gharama ya mnyororo mmoja na gharama ya vyote vitatu.

Kuhusu mafuta: tone moja kwa kila kiungo, kisha pangusa nje pakauke. Mawese yabaki jikoni. Huganda na kukamata vumbi.

Jana niliupima wangu. Pini ya 20 ilikuwa kwenye 255 kamili. Nimekwisha kuweka akiba ya mnyororo mpya.