Lori la Zamani na Motokaa ya Umeme

Ndugu Wanachama,

Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku hizi kila penye kijiwe cha madereva husikika mabishano juu ya motokaa za umeme na zile za haibridi, yaani zenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Wapenzi wa malori ya zamani hawataki hata kuzisikia. Wala si wa hapa visiwani tu. Hata ng'ambo, Mombo, penye njia panda ya kupandia Lushoto, maneno ni hayo hayo. Yafaa sisi wakulima wa karafuu tuyapime, kwa sababu mzigo ni wetu na nauli ya kuupeleka kituoni yatoka mifukoni mwetu.

Kwanza tuwape haki yao. Mlima wa Mombo si mchezo. Kutoka hapo mpaka Lushoto ni kiasi cha kilomita 33, na katika mwendo huo gari hupanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona, kupitia Soni. Bedford na Land Rover za zamani hazikupendwa kwa uzuri wake. Zilipendwa kwa kuwa fundi mwenye spana, nyundo na kipande cha waya aliweza kuzifungua kando ya njia na kuziondoa kabla mboga hazijaoza. Sasa mwenye lori kama hilo auliza: betri ikifa Soni usiku, nani atakuja? Hilo ni swali la mtu mwenye akili, si ukaidi.

Tena sisi tunayo sababu yetu ya kusita. Nani amesahau Unguja ilivyokaa gizani kiasi cha mwezi mzima mwaka 2008, na tena tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika? Pemba nayo tangu 2010 yapata umeme kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Tanga, mkoa ule ule wa Mombo. Ni kweli kwamba bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme mwingi tangu lilipoanza kuzalisha mwaka 2024. Lakini umeme ulioko bwawani si lazima uwe umefika kijijini, na msimu wa karafuu haumngoji mtu.

Hata hivyo, lipo neno lao moja nisilolikubali: kwamba gari la umeme halifai mlimani. Hapo wamekosea, na mlima wa Mombo wenyewe ndio ushahidi. Lori la mboga hupanda tupu au na mzigo mdogo, hushuka limejaa. Tani 5 zikishuka mita 1,000 zina nguvu ya kiasi cha uniti 13 za umeme. Katika lori la zamani nguvu hiyo huishia kuwa joto la breki na ngurumo ya injini, na breki zikishachemka kila dereva ajua yanayofuata. Lakini mota ya gari la umeme, na ya haibridi kwa kadiri ndogo, wakati wa kushuka hugeuka jenereta, ikalizuia gari na kurudisha sehemu ya nguvu ile katika betri. Huko Uswisi, mwishoni mwa miaka ya 2010, lori moja kubwa la machimbo liligeuzwa kuwa la umeme. Likawa lapanda tupu na kushuka na mawe ya kutengenezea saruji, zaidi ya tani 60, na umeme lililojipatia mteremkoni ulikaribia au hata kupita ule wa kupandia.

Basi hatari haiko mlimani. Iko katika ununuzi. Haibridi nyingi ziletwazo kwetu zimekwisha kutumika Japani, ambako Toyota Prius ilianza kuuzwa tangu 1997. Bodi yaweza kung'aa na betri ikawa imechoka, na bei ya betri nyingine ikala faida ya msimu. Kwa hiyo mwanachama anayetaka kununua, hasa kwa mkopo, aulize mambo manne kabla ya kutoa fedha: betri ina umri gani na imepimwa na nani, fundi wake yuko wapi, vipuri vyapatikana kwa siku ngapi, na umeme ukikatika wiki nzima, mzigo utakwendaje? Asipopata majibu, abaki na lori lake, asiache mbachao kwa msala upitao. Akiyapata, asizuiwe na mapenzi ya moshi.

Na chama chetu nacho kifikirie kuwasomesha vijana wawili watatu ufundi wa mota na betri. Lori la zamani lilipata heshima kwa sababu kila kijiji kilikuwa na fundi wake. La umeme halitaaminiwa mpaka nalo lipate wake.

Mimi mwanachama mwenzenu.