Liemba, Meli Iliyozikwa Ikafufuka

Asimamaye ufukweni Rumonge, penye ndagala walioanikwa juani na mapipa ya mawese yangojayo kupakiwa, hataona njia ya reli, kwani Burundi haina reli. Lakini ziwa hili lina mtoto wa reli, na wazee wa pwani yetu kutoka Bujumbura hata Nyanza-Lac wamjua kwa jina: Liemba.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Goetzen. Haikuja kwa njia ya maji. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapandishwa gari moshi kuelekea Kigoma. Huko mafundi watatu wa Kijerumani, pamoja na vibarua wengi ambao majina yao hayakuandikwa, waliiunga tena, nayo ikashushwa majini mwaka 1915.

Vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Meli ilifungwa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia katika mto Rufiji, ikawa inasafirisha askari na shehena kati ya bandari za Wajerumani, Usumbura ikiwa mojawapo. Lakini mwezi Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia Kigoma, iliamriwa izamishwe.

Askari yeyote ajua kwamba bunduki iwekwayo ghalani muda mrefu hupakwa mafuta kwanza. Mafundi wale walifanya vivyo hivyo. Kabla ya kuizamisha, waliisiliba mitambo yote grisi nzito ili maji yasiile. Waliotumwa kuharibu walichagua kuhifadhi, na bila grisi ile yamkini chombo hicho kingeishia kuwa chuma chakavu.

Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza, waliokabidhiwa Tanganyika baada ya vita, waliiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo na matanuri yangali yafaa. Mwaka 1927 ilianza kazi upya chini ya shirika la reli, kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hili kwa watu wa pande za kusini.

Ilikwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ndipo ikatiwa injini za dizeli. Wako waliosikitika, maana mitambo ya mvuke ina uzuri wake. Ila tanuri la mvuke hutaka kulishwa na kulindwa usiku kucha, na injini ya dizeli huwashwa ikaondoka. Mwaka 1993 ilifanyiwa matengenezo makubwa kwa msaada wa Denmark, ikawa yaweza kuchukua abiria wapatao 600.

Safari yake ya kawaida ilikuwa kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi vya njiani havina gati. Meli ilikuwa ikisimama mbali, honi ikalia, mitumbwi ikaizunguka, na mama alikuwa akipokezwa mtoto wake juu ya maji baada ya yeye mwenyewe kukamata kamba. Zamani ilifika na Bujumbura pia.

Mwezi Mei 2015 Warundi maelfu kwa maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania karibu sana na mpaka wetu, kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Barabara ya gari haikuwapo, na kipindupindu kilikuwa kimeingia. Liemba ilitumwa. Ilikwenda ikirudi kati ya Kagunga na Kigoma, siku baada ya siku, ikijaza wazee, wajawazito na watoto. Kutoka Kigoma wengi walipelekwa kwa mabasi katika kambi ya Nyarugusu. Miaka 18 kabla yake, mwaka 1997, meli hiyo hiyo iliwarudisha kwao wakimbizi wa Zaire.

Kwa hiyo mjadala wa namna ya kuihifadhi si wa wapenda vyombo vya kale peke yao. Wako waliotaka iwe makumbusho, itulie gatini, itazamwe kwa tiketi. Shauri hilo lina heshima yake, lakini laisahau Kagunga. Serikali ya Tanzania imechagua njia ya gharama kubwa zaidi, yaani kuikarabati ili irudi kubeba watu, mwili wake ukiwa ule ule uliofika Kigoma ndani ya makasha.