Kwa Nini Singida Haiachi Windows

Mfumo endeshi ndio programu inayozisimamia programu nyingine zote za kompyuta. Mitatu ndiyo inayojulikana zaidi: Windows ya Microsoft, macOS ya Apple, na Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki na ambayo hugawiwa bila malipo. Katika steshenari za Singida mjini, Kiomboi na Manyoni, mfumo unaokutwa karibu kila mara ni Windows. Watumiaji wake hawaiachi hata pale yenyewe inapowaacha, na mwaka 2025 iliwaacha.

Tarehe 14 Oktoba mwaka huo, Tanzania ikiwa kwenye kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10, toleo lililotoka Julai 2015. Mashine hazikuzimika. Kilichokoma ni masasisho ya kawaida ya kuziba mianya ya virusi na wadukuzi. Anayetaka Windows 11 anahitaji mashine yenye kinga iitwayo TPM 2.0, na kama ni ya Intel, prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye. Sharti hilo linazikataa laptopu za mtumba kama HP EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460, za kizazi cha sita, ambazo bado zinaweza kuchapa barua na kutunza hesabu za duka kwa miaka mingi. Baada ya malalamiko ya vyama vya walaji, wakazi wa nchi nyingi za Ulaya walipewa mwaka mmoja zaidi wa masasisho bila malipo. Kwingineko mtumiaji alitakiwa ahifadhi mipangilio yake kwenye seva za kampuni, au atumie pointi za zawadi za kampuni hiyo, au alipe dola 30. Kumwekea mwenye steshenari wa Manyoni masharti hayo kwa kile ambacho mkazi wa Paris amepewa bure ni dhuluma, na hakuna sababu ya kiufundi inayoihalalisha.

Pamoja na hayo, wateja hawakuhama. Maelezo ya kawaida ni kwamba watu wanaipenda Windows kama wanavyozipenda Simba na Yanga. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa shabiki wa mpira alichagua timu yake, na mtumiaji wa Windows aliikuta mezani.

Zipo hoja nyingine. Mhasibu anayetumia programu ya hesabu ya Tally anahitaji Windows, kwani programu hiyo imetengenezwa kwa ajili yake. Wabunifu wa picha na video wenye uwezo hubaki na Apple kwa sababu zao za kikazi. Wapo pia wanaosema Linux ni ngumu, ingawa simu janja zao za Tecno, Infinix na itel zinatumia Android, iliyojengwa juu ya kiini cha Linux. Hoja hizo zina ukweli wake, lakini hazielezi kwa nini steshenari ambayo kazi yake ni kuchapa, kutoa kopi na kujaza fomu kwenye intaneti isijaribu hata siku moja kitu kingine.

Jibu liko kwenye bei. Silaha kubwa ya Linux ni kwamba haina gharama ya leseni, na silaha hiyo imekufa mikononi mwa fundi mwenye flashi. Mteja akienda na laptopu iliyogoma, fundi “anapiga windo” isiyo na leseni pamoja na Word na Excel, na malipo ni ya kazi ya mikono tu. Nchini Marekani leseni ya Windows 11 Home inauzwa dola 139. Mwenye steshenari angelazimika kulipa kiasi kama hicho kwa kila kompyuta, angeuliza kama kuna njia nyingine. Fundi angelazimika kuijua njia hiyo ili asimpoteze mteja, na kijana anayesomea kompyuta angejifunza mifumo miwili. Nakala ya magendo imeliua swali lenyewe kabla halijaulizwa. Mwaka 1998 Bill Gates wa Microsoft alisema hadharani kwamba maadamu Wachina wataiba programu, ni heri waibe za Microsoft, kwa kuwa watazizoea na baadaye kampuni itapata namna ya kukusanya fedha. Hesabu hiyo inafanya kazi Singida pia.

Ushahidi upo hapa nchini. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili na bila malipo. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alizindua Ubuntu, toleo la Linux, na hadi 2011 diski zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba. Bure na Kiswahili vyote viliwekwa mezani, na bado Windows ya magendo ikashinda.

Magendo hayohayo yanaeleza kwa nini Oktoba 2025 haikumtisha mtu. Katika nakala nyingi za namna hiyo fundi huzima masasisho tangu mwanzo, ili Windows isije ikadai leseni na isimalize bando. Kompyuta hizo zilikuwa wazi kwa virusi miaka mingi kabla Microsoft haijatamka lolote, na flashi za wateja zimekuwa zikivibeba kutoka duka hadi duka. Kuuita unyonge huo uaminifu ni kumdanganya mtumiaji. Na kumwambia anunue mashine mpya, wakati EliteBook yake inaweza kuendesha toleo la Linux liitwalo Linux Mint na programu za ofisi za LibreOffice leo hii, ni kumpotezea fedha.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, lakini msako wa maduka hautazalisha fundi hata mmoja wa Linux. Fundi huyo atatoka vyuoni, VETA Singida ikiwemo, iwapo mtihani wa vitendo utamtaka kila mwanafunzi aweke mifumo miwili kwenye mashine moja ya mtumba, aunganishe printa, na afungue faili la Word lililoletwa na mteja. Mhasibu wa Tally atabaki na Windows yake, kwa leseni halali.