Ati Ni Joto la Mombasa!

Samahani kwa kimya cha wiki saba, wasomaji. Sikuwa mgonjwa na wala sijaacha kuandika programu. Kipakatalishi changu kilikuwa kinasafiri kwenda Nairobi na kurudi, mara mbili, kikitafuta mtu wa kukiamini kwamba kinaungua. Sasa kimerudi na mimi nimerudi na hasira, kwa hivyo lile somo la Python nililoahidi litangoja. Leo ni waranti.

Kisa chenyewe ni hiki. Mashine niliinunua mpya, dukani, kwa risiti, na waranti ya mwaka mmoja. Haikuwa mitumba ile ya kutoka Uingereza tunayonunua Luthuli Avenue (ambayo, nakiri, imenitumikia vizuri zaidi). Miezi kumi ikapita salama. Katikati ya mwezi wa kumi na moja ikaanza kuzimika ghafla, kama mtu amevuta waya. Na kila mara ilizimika nikiwa nakompaili kazi kubwa, yaani nikigeuza msimbo kuwa programu, kazi ambayo huitoa prosesa jasho.

Basi nikapima. Kwenye Linux kuna amri fupi iitwayo sensors ambayo hukuonyesha joto la prosesa. Niliiweka iandike kwenye faili kila baada ya sekunde tano. Nikiwa sifanyi lolote: nyuzi 66. Dakika ya nne ya kukompaili: 97. Dakika ya sita: 100, na kasi imeshuka kutoka gigahezi 2.6 hadi 0.8. Dakika ya kumi na moja: giza. Muda huo wote feni inavuma kama kinu cha kusaga mahindi, lakini hewa inayotoka pembeni ni vuguvugu tu.

Hapo pa hewa vuguvugu ndipo penye habari. Prosesa ya kipakatalishi haipozwi na feni moja kwa moja. Juu yake kuna kipande cha chuma, kutoka hapo kuna bomba bapa la shaba linalobeba joto hadi kwenye mapezi membamba, na feni hupuliza hewa kwenye mapezi hayo. Kati ya prosesa na kile chuma hupakwa dawa ya kijivu, mafundi huiita pesti, ili kuziba nafasi ndogo ndogo ambazo macho hayazioni. Prosesa ikiwa nyuzi 100 na hewa inayotoka ni vuguvugu, joto halifiki kwenye mapezi. Limekwama njiani. Hilo halihitaji digrii.

Lakini ona jinsi kasoro hii inavyojificha. Prosesa za siku hizi hujilinda. Zikikaribia nyuzi 100 zinapunguza kasi zenyewe, na zikishindwa kabisa mashine inajizima. Kwa hivyo mwenye mashine mbovu mara nyingi haoni moto wala moshi. Anaona tu mashine imekuwa nzito, anadhani ni virusi, anafuta picha za harusi ili kupata nafasi, na waranti inaisha akiwa bado anafuta.

Haya, nikaituma kwa parseli ya basi la usiku, kwa pesa zangu, kwenda na kurudi. Siku 19 baadaye ikarudi na karatasi: "Imejaribiwa. Haina hitilafu." Diski imefutwa. Linux yangu imeondolewa na kuwekwa Windows, ambayo hakuna aliyeiomba. (Nakala za kazi nilikuwa nazo. Wewe unayo?)

Nikapiga simu nikauliza wameijaribu vipi. Wameiwasha, imewaka. Vipi tena? Imekaa imewaka saa nzima bila tatizo. Sasa, mashine iliyokaa tu kwenye picha ya nyuma hutumia wati chache mno kwenye prosesa. Ikifanya kazi kweli hufika wati 15, nyingine 28, nyingine 45 na zaidi. Kupima joto la mashine iliyolala ni kama kupima breki za matatu likiwa limeegeshwa.

Nilipomweleza hivyo kijana wa simu akanijibu kwa upole kabisa: "Mkubwa, lakini nyinyi huko Mombasa kuna joto sana."

Jameni! Mashine nyingi za aina hii huandikiwa na watengenezaji wenyewe kwamba zifanye kazi kwenye hewa ya hadi nyuzi 35. Chumbani mwangu siku niliyopima kulikuwa na 31. Kama haiwezi Mombasa basi isiuzwe Mombasa, au waandike kwenye boksi kwa herufi kubwa kwamba ni ya Limuru tu. Pesa zangu walipozipokea hakuna aliyeniuliza naishi wapi.

Nikaituma tena, safari hii na kurasa nne za vipimo nilizochapisha. Siku nyingine 23. Jibu likabadilika: vumbi. Vumbi ni kosa la mtumiaji, waranti haihusiki, lipa shilingi 3,500 isafishwe. Nikauliza, basi niirudishe niisafishe mwenyewe? Hapana. Chini kuna stika juu ya skrubu, na ukiipasua waranti imekufa.

Usiifungue kuondoa vumbi, kwa sababu utapoteza waranti. Usipoondoa vumbi, umepoteza waranti. Hapo mteja aokoke kwa mlango gani? Hayo si masharti, ni mtego wa panya, na najua wengi wenu mmenaswa humo mkalipa kimya kimya kwa kudhani fundi anajua zaidi.

Nitasema la haki kidogo. Mafundi wale huona mambo. Watu hutumia vipakatalishi juu ya blanketi, humwaga chai, humweka paka hapo juu. Sikatai kwamba mtumiaji anaweza kuua mashine. Nasema aliyetoa waranti ndiye athibitishe: apige picha, aandike joto kabla ya kusafisha na baada. Kwangu hapakuwa na picha hata moja.

Na kumlaumu mtumiaji si uvumbuzi wa Nairobi. Mnamo Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa sababu chipu zake za picha zilikuwa zikifa kwenye vipakatalishi. Ilitaja malighafi dhaifu ndani ya chipu na muundo wa kupoza mashine, lakini ikaongeza humo humo pia namna wateja wanavyozitumia! Hata hivyo Oktoba mwaka huo Apple ilikubali kutengeneza bure MacBook Pro zilizoathirika, hata ambazo waranti ilikuwa imeisha. 

Kuhusu stika, Marekani ina sheria ya waranti tangu 1975, na Aprili 2018 tume yao ya biashara iliziandikia kampuni sita kuzionya juu ya maneno ya "ukifungua umepoteza waranti". Sisi nasi hatuko uchi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Tuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Tatizo ni kwamba kaunta ya duka haijawahi kusomewa sheria hizo, na sisi tunafika pale tukiwa na unyenyekevu wa mtu anayeomba msaada.

Waranti yangu iliisha mashine ikiwa mezani kwao. Siku 42 kwa jumla, na hawakunirudishia hata moja. Kwa hivyo Jumamosi iliyopita, sikuwa na la kupoteza, nikachukua bisibisi nikaifungua.

Vumbi lilikuwepo. Halikujaza kijiko cha chai. Lakini kati ya skrubu nne zinazokaza kile chuma juu ya prosesa, moja ilikuwa imeingia nusu tu, imesimama pembe, na pesti ilikuwa imegusa upande mmoja huku upande wa pili umekauka kama udongo. Yaani ilitoka kiwandani hivyo, na katika safari mbili hakuna aliyefungua kutazama. Pesti mpya, shilingi 650. Nikakaza skrubu. Chumba kile kile, kazi ile ile, dakika thelathini: nyuzi 84, na kasi haikushuka.

Kama yako inakusumbua na waranti ingali hai, usipeleke mdomo mtupu. Pima ikiwa kazini, si ikiwa imelala (wa Windows tumieni HWiNFO, ni ya bure), andika na joto la chumba. Hifadhi kazi zako na ukiweza funga diski kwa nywila. Halafu ile karatasi ya kupokelea mashine usiiache iandikwe "haiwaki vizuri". Mwambie aandike "inazimika baada ya dakika 11 ikifanya kazi nzito", na uondoke na nakala. Ukiambiwa haina hitilafu, uliza waliiweka kwenye kazi gani na kwa muda gani.

Mimi nimeliandikia duka barua. Nimeambatisha picha za ile skrubu, vipimo vya kabla na baada, na karatasi zao zote mbili. Nadai nauli ya parseli, shilingi 650, na siku zangu 42 ziongezwe kwenye waranti. Nimewapa siku 14. Wakijibu nitaweka jibu lao hapa hapa, na wasipojibu nitaweka hilo pia.