WIMBO WA KUINUKA SI WA KUCHEKWA

Wanafunzi wenzetu,

Sisi wa mwaka wa sita tunapaswa kusema neno ambalo wengi wanalijua lakini wananyamaza. Muhula uliopita dada mmoja wa shule yetu alikuwa akifua nguo kwenye bomba, akiimba polepole. Ulikuwa mmoja wa nyimbo za Panzi, wa mtu aliyeanguka na sasa anasimama. Mmoja wetu akapaza sauti: "Eh! Hii wimbo ni ya wagonjwa!" Wote tukacheka. Hata sisi wakubwa, ambao kazi yetu ni kulinda wadogo, tulicheka. Toka ile siku dada hakuimba tena.

Basi, tujue kwanza nyimbo hizo zinatoka wapi. Hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa hapa hapa Bukavu. Mbele ya hapo alitumika Lemera, ambako wagonjwa na wauguzi waliuawa katika vita vya 1996. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Hayo tunayajua, tena tunajivunia sana. Lakini wangapi wanajua habari ya studio? Mwaka 2015 programu ya muziki iliingia Panzi pamoja na shirika la Make Music Matter la Kanada. Wagonjwa wanakaa na mwanasaikolojia na fundi wa muziki, wanatunga maneno yao wenyewe, wanarekodi kwa sauti yao, na wimbo unatoka nje watu wausikie.

Kwa nini wimbo? Kwa sababu mambo ambayo mtu hawezi kujibu akiulizwa, pengine ataweza kuyaimba. Na katika wimbo ni yeye anayepanga: aanzie wapi, anyamaze wapi, amalizie wapi. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi wote anaanza kuamua tena. Hiyo ndiyo dawa yake.

Wengine wanatuambia: "Lakini haiko mu Nyimbo za Wokovu." Ni kweli. Lakini wafungue Zaburi, wahesabu ngapi ni kilio.

Alafu tukafanya kosa la pili. Tulipoona aibu, tukaandika jina la dada kwenye programu ya sikukuu ya shule, aimbe mbele ya wazazi "ili atie wengine moyo." Hatukumwuliza! Akakataa, na wengine wakasema ana kiburi. Kumbe Zaburi 137 inataja wafungwa walioagizwa na watesi wao waimbe, nao wakatundika vinubi vyao. Kumcheka mtu anapoimba na kumlazimisha aimbe ni ndugu wawili: yote mawili yanamnyang'anya wimbo wake.

Kama dada alipita Panzi au alisikia wimbo kwenye redio tu, hatujui, wala si kazi yetu kujua. Katika mji ulioingiliwa na vita 1996, 1998, 2004 na tena Februari 2025, hakuna darasa lisilo na mtu anayebeba mzigo kimya kimya. Pengine ni yule mnayekaa naye benchi moja.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Anayeimba, mwacheni aimbe. Anayenyamaza, msimwulize-ulize. Na sisi wakubwa, tukisikia kicheko cha namna ile, tukizime kwanza kinywani mwetu wenyewe.

Kabla ya kuandika haya tulimwomba dada ruhusa na msamaha. Msamaha alisema atafikiri. Ruhusa alitoa: "Muandike, lakini bila jina." Tumefanya hivyo. Na bomba liko pale pale, nafasi yake ipo.